Taa za bandani zinafifia: nibaki na DC (umeme wa mkondo mnyoofu, kama wa betri) au nifunge inveta ya kuigeuza kuwa AC?

KiboshoJuu: Wakuu, naomba ushauri. Sola na betri ya volti 12 viko nyumbani, banda la ng'ombe liko mita 40 bondeni. Waya ni wa shaba, mm za mraba 2.5. Taa na pampu ndogo jumla wati 60. Karibu na betri vinafanya kazi vizuri. Bandani taa zinafifia, pampu inasuasua. Edison, yule mgunduzi wa Marekani, naye DC ilimshinda kwa umbali, lakini mita 40 tu?

FundiMajengo: Kwa volti 12, mita 40 ni mbali mkuu. Wati 60 ni ampea 5. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 80: ukinzani wa waya unakaribia omu 0.56. Zidisha kwa ampea 5, volti 2.8 zimeishia njiani, bandani zinafika 9.2.

Edison alibanwa na hesabu hiyohiyo. Kituo chake cha Pearl Street, New York, 1882, kilitoa DC ya volti 110, na wateja ilibidi wawe ndani ya kilomita 1.6 hivi. Mpinzani wake Westinghouse alitumia AC (umeme unaobadili mwelekeo, kama wa gridi) kwa sababu transfoma inaipandisha volti kirahisi. Volti zikipanda mara 10, ampea zinashuka mara 10 na upotevu kwenye waya unashuka mara 100. Ndiyo maana mwaka 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara ulifika hadi mji wa Buffalo.

Funga inveta pembeni ya betri, zisafiri volti 230: ampea 0.26, upotevu volti 0.15. Taa na pampu nazo ziwe za AC.

SolaNgaramtoni: Hesabu ni sahihi, ila volti 230 kwenye banda lenye mkojo na maji sizikubali haraka hivyo. Inveta nyingi ndogo hazina nyutro (waya wa kurudisha umeme) iliyofungwa kwenye ethi (waya wa ardhini), kwa hiyo breka ya kuvuja umeme haizimi hata ng'ombe akinaswa na umeme. Tena inveta inakula betri usiku kucha hata taa zikiwa zimezimwa.

Kosa si la DC, ni volti ndogo. Laini ya Ethiopia hadi Kenya ni DC ya volti 500,000, zaidi ya kilomita 1,000. Wewe panda hadi volti 24: ampea 2.5, upotevu kwenye waya unatoka wati 14 hadi 3.5. Bandani weka konveta ya kushusha 24 kuwa 12. Fyuzi ya DC ya ampea 10 ikae kwenye chanya, jirani kabisa na betri.

KiboshoJuu: Kwa hiyo niongeze betri moja mpya kwenye hii ya zamani?

SolaNgaramtoni: Hapana ndugu. Zikiungwa mfululizo, ile iliyochoka inajaa mapema na kuchemka kabla mpya haijashiba. Nunua mbili zinazofanana, kisha hakikisha chaja ya sola inakubali 24 na paneli zinatoa volti za kutosha kuijaza.