Mrejesho: panya waliozaa kwenye gari ya baba, Kisauni

Asanteni nyote. Niliuliza nifanyeje na panya walioingia kwenye Probox ya baba, iliyokaa uani tangu augue. Mzee anaipenda gari ile, sikutaka apone aikute imeharibika.

Kiota kilikuwa ndani ya boksi la filta ya hewa: makumbi ya nazi, sponji ya kiti, vipande vya gazeti. Fundi wa umeme akanionyesha waya wa sensa umetafunwa mpaka shaba inang'aa. Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua, ndiyo maana hutafuna hata kisicholiwa.

Aliyenionya nisifagie pakavu, Mungu akubariki. Nilivaa glavu na barakoa, nikanyunyizia maji ya jiki, nikayaacha yaingie, ndipo nikafuta. Mkojo wa panya unaweza kubeba vijidudu vya leptospirosisi, ugonjwa wa bakteria unaoambukiza watu. Sumu nimeikataa kabisa. Panya akifia nyuma ya dashibodi, kwa joto hili la Mombasa humo hamkaliki.

Nimetega mitego chini ya gari, nikaweka wavu wa chuma kwenye mdomo wa bomba la kuvuta hewa, nikaondoa rundo la makuti ukutani. Sasa naizungusha mtaani kila wiki. Taa ya injini imezimika, na kinyesi kipya sijakiona.