Mrejesho: nyundo ya rivolva yangu ndogo ya .22

Wakuu, niliuliza kama kufyatua rivolva ya .22 (saizi ya risasi) ikiwa tupu kunaua nyundo, kile kipande cha nyuma kinachopiga. Imefunguliwa. Nyundo nzima kabisa, haina hata ufa. Kilichoumia ni silinda, ile sehemu inayozunguka yenye vyumba vya risasi. Risasi ya .22 hupigwa ukingoni mwa kitako, si katikati, kwa hiyo chumba kikiwa kitupu pini ya kufyatulia inaweza kugonga chuma chenyewe cha ukingo wa chumba. Vyumba viwili vilibonyea mdomoni na kuota kinundu, ndiyo maana maganda yalikuwa yanagoma kutoka. (Nami nalaumu uchafu!) Fundi wa silaha amevisawazisha. Siku hizi nikifanya mazoezi, baada ya kuhakikisha hakuna risasi, naingiza vyumbani vile vidude vya plastiki vya kushikilia skrubu ukutani ili pini igonge hivyo badala ya chuma, navibadilisha vikichakaa.