Shujaa wa hadithi za utotoni mwako alikuachia nini? Tupeane uzoefu

Mtoto wa Mwisho (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Juzi usiku nilikuwa namsimulia binti yangu, ana miaka tisa, hadithi ya Nunda mla watu kama bibi alivyotusimulia sisi. Kwa mliosahau: sultani alikuwa na paka. Paka akala ndama, watu wakaja kushitaki, sultani akasema, paka wangu, ndama wangu, nyie yanawahusu nini? Akala mbuzi, jibu likawa lile lile. Akala ng'ombe, akala punda. Akahamia porini akaanza kula watu, mpaka akawala watoto wa sultani mwenyewe. Hapo si paka tena, ni nunda. Na anayeaga kwenda kumtafuta ni yule mtoto wa mwisho, wa kukaa jikoni na mama yake, ambaye hata baba alikuwa hamhesabu.

Kila akiua mnyama anamburura hadi nyumbani akiimba kutoka mbali: "Mama wee, niulaga nunda mla watu!" yaani nimemuua. Mama anatoka, anamtazama mnyama, anamjibu kwa wimbo kwamba mwanangu, siye huyo. Analeta mbwa, siye. Ngawa, siye. Punda milia, twiga, kifaru, siye. Bibi akifika hapo alikuwa anatuachia sisi tuimbe upande wa mama, na nakiri tulikuwa tunafurahia sana kumwambia siye. Watoto tuna roho mbaya.

Mimi mwenyewe ni wa mwisho kuzaliwa kati ya sita. Nilipokuwa mdogo niliamini hadithi ile ilitungwa kwa ajili yangu. Shule ya msingi nilishika mkia mihula mitatu mfululizo, na kila nikipeleka ripoti nyumbani kichwani nilikuwa nasikia "siye huyo", narudi tena porini. Sisemi ilinifanya mtu mkubwa. Nasema tu sikuwahi kuona aibu ya kujaribu mara ya saba.

Sasa binti ananiuliza: "Baba, huyo mama alijuaje kama siye? Yeye alishawahi kumuona nunda?" Miaka yote hiyo swali hili halikunijia. Nimekosa jibu, nikamwambia lala.

Naomba tupeane uzoefu. Hadithi gani ya safari au ya shujaa ilikuingia ukiwa mdogo, na ilikufanyia nini? Sharti ni moja: kisa kiwe chako. Muhtasari wa kitabu hatuutaki.

Mguu Niponye

Mimi hadithi ilinifanya nitoroke nyumbani.

Nilikuwa na miaka minane. Kulikuwa na picha ya kijana anayekwenda kutafuta bahati yake, kijiti begani, bahasha ya nguo inaning'inia nyuma. Nikachomoa mpini wa fagio, nikafunga kitambaa. Ndani nilitia tochi isiyo na betri, daftari na ndala moja. Kwa nini moja, usiniulize.

Aliyechora ile picha hakuwahi kubeba mzigo kwa mtindo huo. Mpini unakula bega, na ukitembea haraka bahasha inateleza mpaka inakupiga mgongoni. Nilitembea hadi giza likaanza kuingia. Nilikuwa nasubiri njia panda, barabara ikawa moja tu imenyooka. Nikasubiri kikongwe wa kunipa hirizi, naye hakutokea. Nikamkuta baba mmoja anahangaika na mnyororo wa baiskeli, akaniambia "shika hapa". Nikashika gurudumu. Alipomaliza akanipakia nyuma akanirudisha kwetu, hakuuliza hata swali moja. Naona alishanisoma kwa ule mpini.

Nyumbani hakuna aliyejua kama nilisafiri. Mama alikuwa anazunguka uani akifoka: "Nani kachukua mpini wa fagio?"

Mtoto wa Mwisho

Hahaha mkuu, kumbe hirizi ulipewa, ilikuwa lifti.

Nesi wa Zamu

Jamani mmenichekesha na mimi niko zamu ya usiku.

Yangu ni ya msichana aliyekwenda mtoni kuosha vyombo, upawa ukachukuliwa na maji, akaambiwa asirudi bila upawa. Akafuata mto. Njiani akakuta kikongwe, macho yamegandana kwa tongotongo. Kikongwe akamwambia, mjukuu wangu, nilambe macho. Akamlamba. Macho yakafunguka, akaelekezwa njia na akaonywa: utakuta mitungi inapiga kelele na mtungi ulionyamaza, chukua ulionyamaza. Akarudi na mali. Dada yake naye akaenda kwa makusudi, akamkuta yule kikongwe, akamcheka akapita. Mnajua kilichomtokea mtungini.

Mnisamehe, lakini niliichukia hadithi hii. Wavulana kwenye hadithi wanapewa upanga, mimi napewa tongotongo! Nilikuwa naziba masikio. Baadaye sana nimekuja kujua kwamba wataalamu wa ngano wameipa namba kabisa, aina ya 480 kwenye orodha yao ya kimataifa, na hata Wajerumani wanayo: kwao msichana anatumbukia kisimani, na anachoombwa ni kutoa mikate kwenye tanuri na kukung'uta godoro la kizee. Kwa hiyo kila mahali mtoto wa kike katumwa kazi, na kazi yenyewe ndiyo mtihani.

Wiki yangu ya kwanza wodini nilipewa bibi ambaye macho yake yalikuwa hivyo hivyo, yameganda kabisa. Unalowesha pamba kwenye maji ya chumvi ya vuguvugu, unaiweka juu ya jicho isubiri ilainishe, usikwangue. Kisha unafuta kutoka upande wa pua kwenda nje, mara moja tu, ile pamba unatupa, unachukua nyingine. Jicho moja lilinila pamba tisa. Mkono ulikuwa unatetemeka na tumbo limenikaa vibaya, kichwani naisikia sauti ya shangazi yangu ikisimulia. Bibi akafumbua jicho, akanitazama toka juu mpaka chini, akasema: "Kumbe ni katoto!"

Njia hakunielekeza. Alitaka kujua chai inaletwa saa ngapi.

Ukurasa wa Mwisho

Dada Nesi, umeniweza.

Mimi yangu ni ya yule mtoto wa kofia nyekundu na mbwa mwitu. Kitabu kilikuwa cha mitumba, kimelegea, uzi wa mshono unaonekana katikati. Mbwa mwitu anajilaza kitandani, mtoto anamuuliza kuhusu mikono, masikio, macho, meno, anamezwa. Basi, kitabu kimekwisha. Nilikwenda kwa mwalimu nikamwambia ukurasa umechanika. Naye akakigeuza geuza akasema ndiyo, umechanika, atakuja kunisimulia. Hakunisimulia.

Nikakaa na ule ukurasa miaka. Kila usiku nilikuwa nautunga: mara baba yake anakuja, mara anamtekenya mnyama kutoka ndani, mara anakuwa na kisu kwenye kikapu. Nadhani ndiko nilikoanzia kuandika.

Nikiwa mtu mzima ndipo nikajua hakuna kilichochanika. Charles Perrault, Mfaransa aliyeichapisha mwaka 1697, aliimalizia pale pale: mtoto kaliwa, zinafuata beti za mawaidha kwa wasichana. Yule mwindaji anayempasua mbwa mwitu kwa mkasi na kumjaza mawe tumboni yumo katika kitabu cha ndugu Grimm, Wajerumani waliokusanya ngano, cha mwaka 1812. Zaidi ya miaka mia moja katikati. Niliposoma hivyo sikujua nicheke au nimtafute yule mwalimu. Alinidanganya, lakini angeniambia ukweli siku ile, mimi ningelala vipi?

Chaki Nyeupe

Mimi ni mwalimu (siye yule, naapa).

Nafundisha watoto wa miaka kumi na moja kutunga. Mwaka mmoja nikakutana na kazi ya Vladimir Propp, Mrusi, ya mwaka 1928. Alichukua ngano mia moja za Kirusi akazifungua kama fundi anavyofungua injini, akakuta matukio 31 yanayopokezana kwa mpangilio ule ule: mmoja anaondoka nyumbani, kuna katazo, katazo linavunjwa, na kuendelea. Si lazima yote yawemo, ila yaliyomo hayarukani. Nikaona nimepata dawa. Nikakata maboksi, nikaandika kadi 31, kila mtoto achukue saba.

Nikaletewa hadithi arobaini zilizofanana. Upanga, joka, binti mfalme, wakaishi raha mustarehe. Nilisahihisha mpaka nikataka kumtetea joka. Sitaki kumlaumu Propp, yeye alikuwa anaeleza hadithi zilizokwisha kusimuliwa, hakuwa anauza kanuni ya kutungia. Kosa lilikuwa langu, na naliona pia kwa watunzi wengi wa vitabu vya vijana: wanaanza na ramani ya safari ya shujaa, halafu wanatafuta mtu wa kumsukuma juu yake.

Hadithi moja tu ilikuwa hai. Binti anayekaa nyuma kabisa, hanyooshi mkono, alichukua kadi ya 23: shujaa anafika kwao bila kutambuliwa. Wenzake wote walimvalisha shujaa nguo za kimaskini. Huyu aliandika, nanukuu kwa kumbukumbu, kwamba kijana alifika usiku, akasimama nje ya uzio, mbwa wake akambwekea. Akamwita kwa jina. Mbwa akaendelea kubweka.

Nilikaa na ile sentensi. Katika simulizi ya Wagiriki, shujaa Odysseus anarudi kwao baada ya miaka ishirini na mbwa wake Argos ndiye anayemtambua, anatikisa mkia, anakufa. Mwanafunzi wangu hajawahi kumsikia Odysseus. Nikamuuliza kwa nini mbwa hakumjua. Akasema: "Kwa sababu alirudi na harufu ya huko."

Siku hizi kadi nimezitupa. Nauliza maswali mawili: ameondoka na nini, na amerudi na harufu gani.

Kwa mwanzisha uzi: Nunda huyo ana safari yake mwenyewe. Edward Steere, mmisionari Mwingereza, alimchapisha London mwaka 1870 pamoja na ngano nyingine alizosimuliwa na Waswahili wa Zanzibar, na mwaka 1901 Andrew Lang akamtia kwenye kitabu cha watoto wa Kiingereza. Kuna watoto wa huko waliolala na hofu ya paka wetu.

Binti Kimya

Nimesoma uzi huu mara mbili kabla ya kuandika. Mimi hadithi zilinikosesha.

Mama alifariki nikiwa na miaka mitano, baba akaoa nilipokuwa saba. Na hadithi zote nilizokuwa nazijua zilikuwa na mama wa kambo. Hakuna hata moja ambamo mama wa kambo ni mtu tu. Kwa hiyo yule mama alipoingia mlangoni na sanduku lake, mimi nilikuwa nishajua atafanya nini.

Wiki ya pili aliniletea tofaa. Nikakataa. Akafikiri naona haya, akachukua kisu akalipasua katikati, akala nusu, nusu akanisogezea. Wanaoijua hadithi ya binti mweupe kama theluji wameshaelewa. Malkia anafanya vile vile! Anakula upande mweupe, anampa mtoto upande mwekundu wenye sumu. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja. Yule mama alibaki amesimama na kisu mkononi, hajui amekosa nini. Ile nusu ilikaa mezani, hakuna aliyeigusa, ikageuka rangi ya kahawia ikasinyaa.

Ilinichukua kama miaka minne kumwita mama, na hata hapo nilianza kwa kuteleza ulimi.

Chuoni ndipo nikasoma kwamba katika toleo la kwanza la ndugu Grimm, lile la 1812, malkia alikuwa mama mzazi wa binti. Walikuja kumgeuza wa kambo katika toleo la 1819, naona kwa kuwa mama mzazi wa namna hiyo aliwashinda kumeza. Nilikasirika sana. Mtu anafuta neno moja kuokoa sifa ya mama, na mimi nusu ya utoto wangu namtazama mwanamke mwema mikononi.

Nilimpigia simu nikamweleza yote, hadi ile nusu. Akanyamaza kidogo. Akasema: "Mie nilidhani lilikuwa limeoza, nikamlaumu aliyeniuzia."

Mguu Niponye

Dada, pole sana. Na mama mpe shikamoo yangu.

Nesi wa Zamu

Chumba chote kimelala na mimi nafuta macho hapa. Yangu mwenyewe safari hii.

Ukurasa wa Mwisho

Mwenye uzi, bado tunadai. Yule mama wa nunda alijuaje?

Mtoto wa Mwisho

Nimerudi. Jana usiku nilimwambia binti ukweli, kwamba sijui, na bibi aliyekuwa anajua hayupo. Akaniambia basi nianze upya hadithi, taratibu, tangu kwa paka.

Nikaanza. Paka wangu, ndama wangu. Paka wangu, mbuzi wangu. Nilipofika anapohamia porini akanisimamisha.

"Kabla hajaenda porini alikuwa anakaa wapi?"

"Kwa sultani."

"Chakula alikuwa anawekewa na nani?"

Nikamwambia hadithi haisemi. Akageukia ukutani, akavuta shuka. "Si huyo mama. Ndiyo maana anamjua sura."