Naomba ushauri: kushuka kwenye shimo la maji taka

Habari zenu wakuu. Wiki ijayo tunakarabati shimo la maji taka la nyumba ya kupanga hapa Mbagala, kina futi 12. Gari la kunyonya limeshapita, limebaki tope tu. Bosi anataka tushushe mshumaa kupima hewa. Nimekataa: ikiwepo methani (gesi inayowaka), mshumaa huohuo unalipua. Na ile gesi yenye harufu ya mayai viza ikizidi inaua pua, hunusi tena, unadhani imeisha. Nimepanga mifuniko yote ikae wazi, feni ibaki nje ipulize hewa kwa bomba, anayeshuka afungwe mkanda na kamba, wawili wabaki juu. Akianguka avutwe, asifuatwe. Kipimo cha gesi kinakodishwa wapi Dar? Kikikosekana, niigomee kazi?