Mnaosema domeini zimekufa, mbona yangu naambiwa niikomboe kwa laki 7?

Wakuu, salaam. Mods, tafadhali uzi huu msiuunganishe na ule wa "tovuti ina faida gani siku hizi". Kule mnajadili, mimi huku nimeumizwa.

Nina karakana ya samani Keko. Mwaka 2016 kijana mmoja fundi wa tovuti alinitengenezea tovuti na kunichukulia domeini (kikoa, kwa nyie wa Kiswahili sanifu, yaani jina la anwani ya tovuti) ya .com yenye jina la karakana. Kila mwaka ananidai laki 1 na nusu "ya domeini na hostingi" (pango la kuhifadhi tovuti kwenye seva), nalipa bila kuuliza. Jina lile nimeliandika ubavuni mwa kirikuu na kwenye risiti. Nikachongesha hadi chapa ya chuma, tunaipasha moto na kuigonga nyuma ya kila kitanda na kila kabati linalotoka kwangu. Miaka 9 ya vitanda hiyo.

Mwezi wa 3 mwaka huu tovuti ikazima, imeili nazo kimya. Nikampigia kijana. Ananijibu bila hata aibu: "Mzee wangu, domeini ni mambo ya zamani, watu wote wako Insta na WhatsApp. Achana nayo." Nikasema sawa, kama imeshakuwa takataka basi nipe nikae na takataka yangu. Akapotea siku mbili, kisha ikaingia meseji: laki 7.

Laki 7! Kitu amekizika yeye mwenyewe kwa mdomo wake!

Nikaandikia kampuni ya ng'ambo ilikosajiliwa. Wakanijibu kwa ustaarabu kwamba hawawezi kuzungumza nami kwa sababu mimi si mteja wao. Hapo ndipo nilipoelewa. Aliyeandikwa kama mwenye mali ni yeye, tangu siku ya kwanza. Ni sawasawa na kununua bodaboda, ukatia mafuta, ukabadili tairi, ukalipa na faini za trafiki, kumbe kadi bado ina jina la muuzaji. Na bei halisi ya .com nimekuja kuijua juzi tu: elfu 30 na kitu kwa mwaka. Hiyo nyingine sijui ilikuwa inalipia nini.

Sasa kabla hamjaja na ile ya "mzee kubali mabadiliko", nimeyakubali zamani. Najua hakuna anayeandika anwani tena. Tangu 2008 Chrome ilipotoka na kisanduku kimoja cha kuandikia anwani na kutafutia, vijana wangu wa karakana hata facebook.com hawajui kuwa ni anwani, wanaandika "facebook" wanabonyeza cha kwanza. Wapo wateja wenye bando la mitandao ya kijamii peke yake, ukiwatumia linki ya tovuti haifunguki. Oda zangu nyingi zinaingia WhatsApp: picha ya kitanda, "hiki bei gani", "mwisho ngapi", tumemaliza. Insta nipo, TikTok binti yangu ananipostia. Kwa hiyo msinifundishe.

Ninachogombana nacho ni hiki: watu wameacha kuandika jina, nyie mnaruka mnasema jina halina kazi.

Imeili ya karakana ilikuwa kwenye domeini ile ile. Hoteli mbili za Zanzibar zinazochukua meza kwangu zinatuma oda kwa imeili tu, mambo ya ankara na uhasibu wao. Wiki tatu wanatuma, hawajibiwi, mmoja akahamia kwa mtu mwingine. Halafu fikiria hili: nenosiri la benki, la akaunti ya Insta hiyo hiyo mnayoisifia, vyote ukisahau vinarudishwa kupitia imeili. Mwenye domeini anaweza kuzielekeza imeili zake anapotaka. Maana yake huyu kijana akiamua, meseji ya kubadili nenosiri langu anaisoma yeye. Nimekesha usiku mzima nikibadilisha imeili kila mahali, na bado sina hakika kama nimezimaliza.

Tena kuna hili lililonichekesha kwa uchungu. Mteja wa Mbeya aliuliza programu ya akili mnemba wapi apate kabati la mninga Dar. Ikanitaja mimi, pamoja na linki ya tovuti yangu! Kabonyeza, kakuta tangazo: "Domeini hii inauzwa."

Na hao tunaoambiwa wameziua domeini, mnakumbuka tarehe 4 Oktoba 2021? Jioni, kwetu ilikuwa inaelekea saa 1, Facebook, Instagram na WhatsApp zikazima dunia nzima kwa kama saa 6. Walikosea kwenye kurekebisha mtandao wao, zile seva zinazojibu "facebook.com iko wapi" zikawa hazifikiki. Jina halikupatikana, kila kitu kikalala. Nenda Anguilla, kisiwa cha Karibea cha watu kama 16,000, chenye herufi zake za mwisho wa domeini, .ai: mwaka 2023 serikali iliingiza takriban dola milioni 32 kwa kuuza majina tu. ICANN, wasimamizi wa majina ya mtandao duniani, walipofungua mwaka 2012 dirisha la kuomba herufi mpya za mwisho (kama hizo .com na .ai), ada ilikuwa dola 185,000 kwa ombi moja, na maombi yakapita 1,900. Dirisha la 2026 ni dola 227,000. Wenye hela wanapanga foleni, halafu mimi wa Keko ndiye naambiwa ni mambo ya zamani.

Nimeshauriwa nifungue mgogoro WIPO, Shirika la Miliki Bunifu Duniani, wanaoamua kesi za domeini. Ada ya kuanzia ni dola 1,500, karibu milioni 4, ili niokoe laki 7. Na lazima nionyeshe haki ya alama ya biashara. Mimi nina cheti cha jina la biashara cha BRELA (wakala wa usajili wa biashara), nikajua kinatosha. Ni vitu viwili tofauti, wakuu, mkaangalie vya kwenu.

Kusubiri muda wake uishe? .com haiachiwi siku hiyo. Inaweza kukaa hadi siku 45 za msamaha, kisha 30 za kukomboa, na muda wote huo yeye ana haki ya kuilipia, mimi sina. Kisha 5 za kufutwa, ambazo hata yeye hawezi tena kuilipia. Ikidondoka, kuna mitambo inainyakua kabla sijavaa miwani.

Kama kuna mwanasheria humu aliyewahi kushughulikia kesi ya hivi, nina risiti zote za M-Pesa nilizomlipa na meseji zake za miaka 9. Karibu PM.

NYONGEZA: Kwa mliouliza kwa nini nisianze na jina jipya la .co.tz, nimeshalichukua, safari hii kwa jina langu mwenyewe. Lakini chapa za vitandani nazifuta na nini?

NYONGEZA 2, saa 4 usiku: Kijana kaandika tena. Kashusha hadi laki 5. Anasema ananionea huruma, maana siku hizi domeini hazina soko.