Nilinunua roshani, mama yangu akapewa ubavu wa mashua: tahadharini na vyumba vya "uhakika" kwenye meli za kitalii

Wanajukwaa, nimesubiri wiki tatu kabla ya kufungua uzi huu, kwa sababu nilitaka kwanza hasira zipungue, na pili wakala aliyetuuzia safari apate nafasi ya kunijibu kwa maandishi. Amenijibu. Hasira hazikupungua.

Mwezi Juni tulisafiri watu wanne kwa meli ya kitalii kutoka Southampton, Uingereza, hadi Norway, safari ya usiku 7 kwenda na kurudi. Tulikuwa mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka 12, na mama yangu mzazi, ambaye ana miaka 71 na amezaliwa na kukulia Lamu. Kabla ya kulipa, swali la chumba cha ndani au chumba chenye roshani lilitukalisha sebuleni jioni tatu mfululizo. Kwa ambaye hajawahi kupanda meli hizi, chumba cha ndani hakina dirisha la aina yoyote; ukizima taa saa sita ya mchana, umeingia usiku wa manane. Chumba chenye roshani kina mlango wa kioo unaofunguka kwenye kibaraza chako mwenyewe, chenye viti viwili na ukingo wa kuegemea, na chini yake maji. Vipo pia vyumba vyenye dirisha lisilofunguka, lakini katika meli yetu vilikuwa vimekwisha kununuliwa.

Mimi na mke wangu hatukujali kulala ndani. Mama ndiye aliyekataa. "Mimi nimezaliwa nikisikia maji," alisema, "leo nipande chombo nifungiwe kashani?" Basi tukakubaliana kwamba yeye na mjukuu wake wakae kwenye roshani, na sisi wawili tukae ndani. Kumweka Mama peke yake hakukuwezekana, kwa kuwa meli hizi huhesabu bei kwa watu wawili katika kila chumba, na anayelala peke yake mara nyingi hulipishwa nafasi ya pili iliyo tupu.

Wakala wetu ni mtu wa pwani kama sisi, na ndiyo maana tulimwendea yeye badala ya kununua wenyewe kwenye tovuti. Chumba cha ndani kilikuwa pauni 799 kwa kila mtu, na roshani pauni 1,199. Alinieleza kwamba bei hiyo ya roshani ni ya daraja la "uhakika", na kwamba nikitaka kuchagua namba ya chumba mwenyewe nitaongeza pauni 150 kwa kila mtu. Nikamuuliza, tena mara mbili, tofauti ni nini. Akajibu, "Kaka, uhakika ni uhakika. Roshani mmekwisha kuipata, kilichobaki ni namba tu. Usitupe pesa." Kisha akaongeza maneno ambayo leo yananichoma kuliko yote, kwamba chumba cha ndani ni cha watu wanaobana matumizi, na mama yetu hastahili kuwekwa huko.

Neno "uhakika" katika biashara hii, kama nilivyokuja kujifunza nikiwa nimekwisha kulipa, lina maana iliyo kinyume na ile tuliyofundishwa nyumbani. Maana yake ni kwamba kampuni inakuhakikishia kitanda katika daraja ulilolipia au la juu yake, na hapo hapo wewe umeacha haki ya kujua kitanda hicho kitakuwa sehemu gani ya meli. Kitakuwa omo, yaani mbele, au tezi, yaani nyuma, chini ya jiko au juu ya ukumbi wa muziki, utajua siku chache kabla ya kuondoka, watu waliochagua namba zao wakiwa wamekwisha kuokota vizuri vyote. Na ndani ya neno "roshani" zimo pia roshani zilizozibwa. Hizo zina herufi zao katika kitabu cha kampuni, herufi mbili tu ambazo kwenye stakabadhi yangu hazikufafanuliwa popote.

Tulipofungua mlango wa chumba cha Mama kule Southampton, tulikuta chumba safi, pazia zuri, mlango wa kioo, roshani yenye viti viwili kama tulivyoahidiwa, na mbele ya roshani hiyo, hatua chache tu kutoka ukingoni, mashua ya kuokolea watu ya rangi ya chungwa, ndefu kuliko daladala, imening'inia kwenye vyuma vyake na kuziba kila kitu kutoka kushoto hadi kulia. Juu yake ulibaki utepe wa anga. Chini yake, ukiinama sana, uliona maji. Mama alisimama pale kitambo, akagusa ukingo, kisha akaniuliza kwa sauti ya upole, ambayo kwangu ilikuwa mbaya kuliko makelele: "Mwanangu, hiki ndicho kibaraza ulichonilipia?"

Nilishuka mapokezini. Walinipokea kwa adabu na kunieleza kwamba meli imejaa, kwamba chumba nilichopewa kina roshani, na kwamba mkataba unasema roshani. Sina ugomvi na mabinti wale wa mapokezi, hawakuniuzia wao. Nilimpigia wakala kabla meli haijang'oa nanga, na simu haikupokelewa.

Sasa naomba niwasimulie asubuhi ya Geiranger, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike. Geiranger ni kijiji kilicho mwisho wa fiodi, yaani mkono wa bahari uliopenya katikati ya milima, wenye urefu wa kilomita 15 hivi, ambao pamoja na fiodi ya Nærøy uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2005. Watu hulipia roshani katika safari hizi kwa ajili ya saa chache za mahali kama hapo. Wakala alikuwa ameniambia kwamba nisihangaike na upande wa meli, kwa kuwa njia ya kuingia ndiyo njia ya kutoka, na kwamba maporomoko ya Dada Saba unayoyakuta upande wa kushoto ukiingia utayaona upande wa kulia ukitoka. Hilo ni kweli kabisa, na kwa haki yake ninaliandika. Lakini nalitazama leo kama mchezo wa mazingaombwe wa sokoni: alinishughulisha na upande wa meli ili nisiulize kilichoning'inia mbele ya upande huo.

Meli yetu haikufunga gatini kule. Ilitia nanga, na abiria walipelekwa pwani kwa mashua za meli yenyewe. Mwanajukwaa mwerevu amekwisha kujua mashua mojawapo ilikuwa ipi. Saa kumi na mbili asubuhi, Mama akiwa ametoka kuswali na amekaa kitandani bila mtandio, mitambo ilianza kunguruma, taa zikawaka nje, na mabaharia wawili waliovaa kofia za kazi wakasimama juu ya mashua wakiwa sawasawa na mlango wake wa kioo, wakipeana maelekezo kwa sauti. Hawakufanya kosa lolote, walikuwa kazini. Lakini mama mtu mzima aliyejisitiri maisha yake yote alijikuta ametazamana na wanaume wasiomjua, karibu naye kuliko jirani anavyokuwa barazani. Alivuta pazia, na tangu hapo hakulifungua tena mpaka nilipokwenda kumgongea.

Na hapa ndipo penye kichekesho ambacho hakinichekeshi. Mashua ile ilipokwisha kuteremshwa na kuanza kubeba watu, roshani ya Mama ilifunguka yote. Milima, maji ya kijani, nyumba ndogo za mbao, kila kitu kikawa wazi mbele yake. Kwa saa sita alikuwa na kile tulichokilipia kwa usiku 7. Jioni wakairudisha mahali pake.

Kuhusu chumba chetu cha ndani, kile cha "wanaobana matumizi", lazima niseme ukweli hata kama unaniudhi. Namba yake nayo tulipangiwa na kampuni, lakini bahati ilituangukia: kilikuwa katikati ya meli, sitaha ya chini, juu yake vyumba na chini yake vyumba. Wanaojua vyombo watakumbuka kwamba meli inapopanda mawimbi, omo na tezi ndizo zinazonyanyuka na kushuka kama mbao za bembea, na kadiri unavyokaa juu ndivyo kuyumba kunavyozidi. Palipotulia ni katikati, chini. Siku ya kuvuka Bahari ya Kaskazini kulikuwa na upepo, na watu wa vyumba vya juu kule omo, wenye roshani zao za fahari zilizofungwa kwa amri ya nahodha, walikuwa wakigawana vidonge vya kichefuchefu kwenye korido. Sisi tulilala. Isitoshe, mwezi Juni katika latitudo zile jua huzama baada ya saa tano usiku na kurudi karibu na saa kumi alfajiri, na pazia la mlango wa kioo haliwezi kuuzuia mwanga wote. Binti yetu alilalamika kila siku. Kwetu giza lilikuwa kamili, hata siku moja tukaamka saa tatu asubuhi tukidhani ni usiku. Tulijifunza kuiacha runinga kwenye chaneli inayoonyesha kamera ya omo, sauti ikiwa imezimwa, ikatufaa kama dirisha.

Usiku wa nne Mama alihamia kwetu, akalala na mke wangu, nami nikaenda kwa binti. Ilibidi tuandikishe mabadiliko hayo mapokezini kwa sababu ya orodha ya usalama. Alipojinyoosha kwenye kile alichokuwa amekiita kasha, Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu tupande, akasema, "Enda tezi na omo, marejeo ngamani," yaani mwisho utarudi kule ndani, tumboni mwa chombo. Asubuhi yake akapanda sitaha ya wazi juu kabisa, akakaa kwenye kiti amejifunika blanketi, akatazama bahari bure, pamoja na mamia ya abiria wengine ambao hakuna aliyewauliza wamelala chumba gani.

Simaanishi kwamba roshani ni upuuzi. Mwaka 1984, katika bandari ile ile ya Southampton, Binti Mfalme Diana aliizindua meli iliyoitwa Royal Princess, ambayo vyumba vyote vya abiria vilitazama nje, na tangu enzi hizo hakuna asiyejua kwamba abiria yuko tayari kulipa zaidi ili aone maji. Mwaka 2014 meli ya Quantum of the Seas ilianza kazi ikiwa na skrini kubwa ndani ya vyumba visivyo na madirisha, zikionyesha bahari ya nje wakati huo huo, na abiria aliambiwa waziwazi kwamba ile ni skrini. Ndicho ninachokidai. Ukiniuzia skrini, niambie ni skrini. Ukiniuzia ubavu wa mashua, niambie ni ubavu wa mashua, uniwekee bei yake, nami nitaamua kama mtu mwenye akili timamu. Pauni 300 za kuchagua namba kwa watu wawili ningezilipa siku ile ile kama ningeambiwa zinanunua nini.

Jibu la wakala ni hili, nalifupisha: kwamba roshani ilitolewa, kwamba daraja la uhakika lina masharti yake, kwamba masharti hayo yalikuwa kwenye kiungo kilichotumwa pamoja na stakabadhi, na kwamba nilipaswa kuyasoma. Kiungo nimekifungua. Kinapeleka kwenye waraka wa kampuni wenye kurasa nyingi za Kiingereza cha kisheria, ambamo habari za vyumba vilivyozibwa zimo katika sentensi moja. Yeye alizungumza nami kwa Kiswahili kwa muda wa nusu saa, akanipa maelezo ya chakula, ya mavazi ya usiku wa gala, hata ya bei ya kahawa melini, na sentensi hiyo moja ikamponyoka.

Nimemwandikia rasmi, nakala kwa kampuni, nikidai pauni 800, ambazo ndizo tofauti kati ya roshani na chumba cha ndani kwa watu wawili. Nimetaja kanuni za Uingereza za mwaka 2018 kuhusu safari za vifurushi, zinazompa msafiri haki ya kupunguziwa bei pale huduma isipolingana na mkataba, na nimeambatisha picha tulizopiga siku ya kwanza pamoja na karatasi ya mapokezi inayoonyesha kwamba nililalamika kabla ya kuondoka bandarini. Nimewapa siku 14.

Ninachohitaji kwenu ni mambo mawili. Mwenye uzoefu wa kudai tofauti ya bei kwa roshani iliyozibwa anieleze alijibiwa nini na ilichukua muda gani. Na yeyote aliyeuziwa daraja la "uhakika" kwa Kiswahili, bila kuambiwa neno juu ya mashua, aniandikie faraghani, kwa kuwa nimekwisha kupata habari za familia mbili nyingine na ningependa tupeleke dai letu pamoja.

Juzi wakala alinitumia ujumbe akinipa punguzo la asilimia 10 kwa safari ya mwakani. Nimeusoma mpaka mwisho. Daraja ni lile lile.