Je, "nilimwona kwa macho yangu" yatosha kumfunga mtu?

Mwanzisha mada:
Naomba tujadili hili, maana mwaka jana nusura nimponze kijana wa watu. Jioni, matatu imekwama Ngara, mkono ukaingia dirishani ukanipokonya simu. Siku nne baadaye nikamwona kijana mwenye kofia nyekundu kwenye steji. Ndiye huyu! Nilishafungua mdomo nipige kelele za mwizi, na sote tunajua kelele hizo huishia wapi hapa Nairobi.

Kisha nikajiuliza: kofia niliiona wapi? Kilichoingia dirishani ni mkono tu, na pindo la sweta lililofumuka, uzi wa kijani ukining'inia. Kofia ilikuja nikisimulia nyumbani, labda mara ya tatu. Lakini kichwani mwangu kofia ilikuwa wazi kuliko uzi, hata leo.

Mwanafalsafa David Hume, mwaka 1739, alisema tunachohisi na tunachowaza hutofautiana kwa nguvu: cha hisi huja kikali, cha mawazo hufifia. Kwa kipimo hicho kofia yangu ni ya kweli na uzi ni ndoto. Sikubali.

Fumba macho uvute picha ya KICC, lile jumba refu la mikutano hapa Nairobi. Unaiona? Sasa hesabu ghorofa zake. Kama hukuijua idadi tangu hapo, picha hiyo haitakupa. Ukisimama pale chini utahesabu moja moja, na huenda jibu likakushangaza. Mwanafalsafa Mfaransa Jean-Paul Sartre alilisema mwaka 1940: picha ya kichwani haikufundishi kitu, ina kile tu ulichokiweka. Wahenga nao wanasema macho hayana pazia. Jicho hupokea hata usichokiomba, lakini mawazo yana pazia, na mwenye kulivuta ni wewe.

Ndiyo maana nasema ushahidi wa mtu mmoja aliyemtambua mtu gizani usitoshe peke yake, hata akiapa mara kumi. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Abdallah bin Wendo ya 1953, ilitaka ushahidi wa namna hiyo upimwe kwa uangalifu mkubwa. Mimi naona hata hapo tulilegea.

Mchangiaji, Buruburu:
Ndugu, unamsahau aliyeibiwa. Wengi wetu tunavamiwa usiku, peke yetu, hakuna kamera wala jirani. Ukimnyima mama wa aina hiyo macho yake, umemnyima kila kitu. Tena anayewaza na anayeona hawafanani hata kidogo. Aliyeona anajua ameona.

Mwanzisha mada:
Dada, la kwanza linaniuma na sina jibu jepesi. Mama huyo asikilizwe, ushahidi wake uanzishe upelelezi.

La pili nalikataa. Mwaka 1910 mtafiti C. W. Perky, Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliwaambia watu wakodolee kioo na wawaze vitu, ndizi mojawapo. Wao hawakujua kwamba nyuma ya kioo kulikuwa na taa ikimulika picha hafifu ya ndizi. Walikuwa wanaona kabisa, wakadhani wanawaza! Kwa hiyo aliyeona hajui kila mara kwamba ameona. Lakini sikiliza hili: baadhi yao walistaajabu kwamba ndizi imesimama wima, ilhali wao walikuwa wakiiwaza imelala. Mshangao ule ndio uliokuwa dalili ya taa. Hakuna anayejishangaza kwa ndizi aliyoiweka mwenyewe.

Kwa hiyo kwenye gwaride la utambulisho, pale polisi wanapopanga watu mstari shahidi amtambue mshukiwa, na kizimbani, nisingemuuliza shahidi ana uhakika kiasi gani. Ningemuuliza: uliona nini ambacho hukukitarajia, kisichohusiana na hadithi yako?

Mimi ningejibu uzi wa kijani. Ila hakuna aliyeniuliza, na nilipokwenda kuandikisha OB, kitabu cha matukio cha polisi, kesho yake baada ya kuporwa, nilitaja kofia nyekundu. Uzi sikuutaja kabisa.